MAANDAMANO YA AMANI NI KAZI YA MPANGO

Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani, mtumishi wa serikali, katika mkutano wa mwaka wa chama chetu



Kwanza naishukuru Kamati kwa kunialika. Ni desturi ya mkutano huu kwamba mzungumzaji huwahimiza wanafunzi wafanye bidii masomoni, kisha huketi, kisha chai huletwa. Nami nawahimiza mfanye bidii masomoni. Lakini mwaka huu Chama cha Mdahalo kiliniletea barua kwa mkono wa Mwalimu Mkuu, na ndani yake mlikuwa na swali moja: Je, watu wasio na silaha waweza kuishinda serikali ya mabavu kwa kuandamana kwa amani, na kama waweza, hufanyaje? Mwalimu Mkuu angeweza kuitia barua hiyo kapuni. Hakuitia. Namheshimu kwa jambo hilo.

Baadhi ya wenzangu waliposikia kwamba nimekubali kulijibu, waliniuliza kama nimechoka na mshahara. Jibu langu ni fupi. Ibara ya 37 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kupeleka maombi kwa wenye mamlaka, mradi awe na amani na asiwe na silaha. Mtumishi wa serikali anayefanya kazi chini ya Katiba hiyo hana sababu ya kuogopa kuisoma kwa sauti. Sikuja kuwachagulieni chama, wala kumsema yeyote aliye madarakani. Nimekuja kulijibu swali kwa mambo yaliyokwisha kutendeka na ambayo yanajulikana.

Nianze na jambo ambalo karani wa serikali hulifahamu kuliko mwanasiasa. Watu wengi hudhani serikali ni mtu mmoja aliyeketi juu, akitoa amri nayo ikitendeka. Mimi nimekaa ofisini karibu miaka 20, nami nawaambieni kwamba amri haina miguu. Ikitoka juu, lazima mmoja aichape, mwingine aifungulie faili, mwingine aidhinishe fedha, mwingine aijaze gari petroli, na mwingine alipande gari hilo aende akaitekeleze. Mkono mmoja ukikataa, kazi huchelewa. Mikono mingi ikikataa kwa pamoja, amri hubaki karatasi yenye mhuri.

Kwa nini basi mikono hiyo humtii mtawala wa mabavu? Wengine hutii kwa ajili ya mshahara, wengine kwa mazoea, wengine kwa woga. Lakini iko sababu ya nne, nayo ndiyo kubwa kuliko zote: kila mmoja hudhani kwamba ni yeye peke yake aliyechoka. Akitazama kulia na kushoto anaona nyuso zilizonyamaza, naye ananyamaza pia, na jirani yake akimtazama anaona uso mwingine ulionyamaza. Kazi ya kwanza ya maandamano ya amani ni kuivunja dhana hiyo. Mtu akitoka nyumbani akaona jirani yake naye ametoka, na jirani wa jirani yake, hesabu yote ya woga hubadilika.

Nitatoa mifano mitatu: mmoja wa watu wa ofisini kama mimi, mmoja wa mji mzima, na mmoja wa kwetu hapa.

Mfano wa kwanza ni wa Ufilipino. Ferdinand Marcos alikuwa rais wa nchi hiyo tangu 1965, na mwaka 1972 akatangaza utawala wa sheria ya kijeshi. Tarehe 21 Agosti 1983 mpinzani wake mkubwa, Benigno Aquino, alipigwa risasi akafa katika uwanja wa ndege wa Manila siku ile ile aliporejea kutoka Marekani. Marcos alipoitisha uchaguzi wa ghafla wa tarehe 7 Februari 1986, mjane wa Aquino, Corazon, alisimama dhidi yake. Kura zikawa zinajumlishwa kwa kompyuta za Tume ya Uchaguzi katika jumba kubwa la mikutano mjini Manila.

Usiku wa tarehe 9 Februari, wafanyakazi wapatao 30 waliokuwa wakiziendesha kompyuta hizo waliona kwamba tarakimu zinazoonyeshwa ubaoni hazilingani na zile walizokuwa wakiziingiza. Hawakuvunja kitu. Hawakupiga kelele. Walisimama, wakatoka pamoja mbele ya waandishi wa habari, wakaenda kujihifadhi kanisani. Wengi wao walikuwa wanawake vijana. Walikuwa na kazi nzuri na jamaa waliowategemea, na walijua serikali waliyokuwa wakiipa kisogo ilikuwa na magereza. Hatua zao chache kutoka kwenye viti hadi mlangoni zilisema kuliko hotuba elfu, kwa kuwa wao ndio waliokuwa na hesabu mikononi.

Baada ya siku 13 Waziri wa Ulinzi na mmoja wa wakuu wa jeshi walimwasi Marcos wakajifungia kambini wakiwa na askari wachache. Kadinali Jaime Sin akawaomba watu, kwa njia ya Redio Veritas, waende wakawakinge. Malaki ya watu wakaijaza ile barabara pana iitwayo EDSA. Vifaru vilipokuja, watawa na raia wengine walipiga magoti mbele yake wakisali rozari, na wengine wakawapa askari mkate, maji na maua. Askari hawakuwapitia juu. Tarehe 25 Februari Marcos aliondoka nchini.

Watu husimulia siku hizo nne kama muujiza. Yaliyotangulia hayasimuliwi sana. Tangu 1984 vikundi vya kanisa vilikuwa vikiendesha semina za kuwafundisha watu jinsi ya kusimama mbele ya askari bila kumtukana na bila kukimbia. Malaki ya watu wa kujitolea walikuwa wamefundishwa kulinda masanduku ya kura. Watu walifika EDSA wakiwa wameshajifunza. Ni haki pia kusema kwamba sehemu ya jeshi lenyewe ilikuwa imeasi. Bila ya hilo huenda mambo yangekwenda vingine. Lakini askari walioasi walikuwa wachache, na ngao yao ilikuwa ni watu.

Mfano wa pili ni wa mji wa Leipzig, katika iliyokuwa Ujerumani ya Mashariki. Nchi hiyo ilikuwa na chama kimoja chenye sauti na idara ya usalama iliyojulikana kwa jina la Stasi, iliyokuwa na wapelelezi viwandani, vyuoni, hata makanisani. Mjini humo, katika kanisa la Mtakatifu Nikolai, kulikuwa na sala za kuombea amani kila Jumatatu saa 11 jioni tangu 1982. Angalieni mwaka huo. Waliokuja kuuona mji ule ukifurika watu mwaka 1989 hawakuziona zile Jumatatu za miaka saba ambapo pengine watu hawakujaza hata viti vya mbele. Ndo! ndo! ndo! si chururu, wahenga walisema, lakini ndoo hujaa.

Faida ya desturi hiyo ilikuwa hii: hapakuwa na haja ya kutangaza mahali wala saa. Redio na magazeti yote yalikuwa ya serikali, lakini kila mtu alijua kwamba ni Jumatatu, ni saa 11, ni kwa Nikolai. Tarehe 4 Septemba 1989 vijana walitoka kanisani na kutandaza mabango mbele ya kamera za kigeni zilizokuwa zimekuja kwa ajili ya maonyesho ya biashara; watu wa usalama wakayanyakua. Juma lililofuata wengi walikamatwa. Majina ya waliofungwa yakabandikwa madirishani mwa kanisa na mishumaa ikawashwa chini yake. Tarehe 25 Septemba walitembea maelfu kadhaa. Tarehe 2 Oktoba walikuwa wapata 20,000.

Ikafika Jumatatu ya tarehe 9 Oktoba. Miezi minne nyuma, usiku wa kuamkia tarehe 4 Juni, serikali ya China ilikuwa imewapiga risasi waandamanaji mjini Beijing, na viongozi wa Ujerumani ya Mashariki walikuwa wameunga mkono kitendo hicho hadharani. Siku tatu kabla ya Jumatatu hiyo gazeti la chama mjini Leipzig lilichapa barua ya kamanda wa mgambo wa viwandani iliyosema kwamba wako tayari kuulinda ujamaa hata kwa silaha. Maelfu ya polisi, askari na mgambo waliwekwa tayari. Habari zikaenea mjini kwamba hospitali zimeagizwa kuongeza akiba ya damu. Wazazi walikwenda kuwachukua watoto wao shuleni mapema.

Sasa tazameni kazi iliyofanyika siku hiyo kabla ya saa 11. Vikundi vya wanaharakati vilikuwa vimechapa zaidi ya karatasi 20,000 kwa mashine ndogo ya kunakilia, ya aina ile ambayo wazee humu ndani wanaikumbuka kwa wino wake uliotuchafua vidole. Karatasi hiyo iliwahutubia waandamanaji na askari pamoja. Iliwaambia waandamanaji wasirushe kitu, wasimguse askari wala gari lake, wasimvue kofia, wasipige kelele za matusi, na wamzuie mwenzao yeyote atakayejaribu kuanzisha fujo. Iliwaambia askari wasiujibu utulivu kwa nguvu. Katika kanisa lenyewe, chama kilikuwa kimepeleka mamia ya wanachama wake waketi mapema ili watu wa kawaida wakose nafasi. Mchungaji Christian Führer aliwakaribisha. Wakaketi, wakayasikia kwa masikio yao wenyewe maombi ambayo walikuwa wameambiwa ni uchochezi. Makanisa mengine matatu nayo yakafungua milango ili watu wasisongamane mahali pamoja.

Jioni hiyo vipaza sauti vya mji vilisoma tangazo la watu sita: Kurt Masur, kiongozi wa okestra maarufu ya mji huo, mwanatheolojia mmoja, mchekeshaji mmoja, na makatibu watatu wa chama tawala wa wilaya. Waliwaomba watu wote wawe na utulivu ili mazungumzo yawezekane. Nataka mtie akilini kwamba watatu katika hao sita walikuwa watu wa chama chenyewe. Hawakuomba ruhusa ya Berlin.

Watu wapata 70,000 walitoka wakatembea katika barabara inayouzunguka mji wa kale. Walikuwa wakiimba maneno mawili: kwamba hakuna vurugu, na kwamba sisi ndio wananchi. Wengi walishika mishumaa. Mchungaji yule alieleza baadaye kwamba mshumaa wahitaji mikono miwili, mmoja wa kuushika na wa pili wa kuukinga na upepo, na mwenye mikono miwili yenye kazi hana mkono wa kuokota jiwe. Wakubwa wa polisi mjini humo walikuwa wakingoja neno la mwisho kutoka Berlin. Neno halikuja kwa wakati, na wingi wa watu ulikuwa umepita hesabu yao. Wakaamuru vikosi vijilinde tu, visishambulie. Hakuna risasi hata moja iliyopigwa. Vijana wawili waliokuwa wamejificha juu ya mnara wa kanisa walikuwa wamepiga picha za sinema, zikapelekwa kwa siri upande wa Magharibi, na kesho yake nchi nzima ikajiona yenyewe katika televisheni ya jirani.

Tarehe 16 Oktoba waandamanaji walikuwa wapata 120,000. Tarehe 18 Oktoba Erich Honecker, aliyekuwa ameitawala nchi tangu 1971, aliacha madaraka. Tarehe 9 Novemba Ukuta wa Berlin ulifunguliwa.

Mfano wa tatu ni wetu. Mwishoni mwa Februari 1992, akina mama wachache, wengi wao wazee kutoka mashambani, walikwenda Nairobi wakiwa na Profesa Wangari Maathai. Wana wao walikuwa gerezani kwa sababu za kisiasa. Walimpelekea Mwanasheria Mkuu ombi la maandishi kwamba wafungwa 52 waachiliwe, kisha wakaenda katika pembe moja ya Uhuru Park, wakakaa hapo kungoja jibu huku wakifunga kula. Hawakuwa na bunduki, hawakuwa na chama, na baadhi yao hawakuwa na Kiingereza. Walikuwa na dai moja ambalo mtu yeyote aliyezaliwa na mama angelielewa.

Hapo tena lilitendeka lile nililolitaja mwanzoni. Watu wakaanza kuja pale bustanini. Waliopata kuteswa mikononi mwa polisi, ambao kwa miaka mingi walikuwa wamefunga midomo hata mbele ya jamaa zao, walisimama hadharani wakasimulia. Kila aliyesikiliza alitambua kwamba hakuwa peke yake.

Tarehe 3 Machi askari waliwatawanya kwa virungu na gesi ya kutoa machozi. Baadhi ya akina mama wakavua nguo zao mbele ya askari, jambo ambalo kwa mila zetu ni laana nzito. Wangari Maathai alipigwa akazimia, akapelekwa hospitali. Wengi walidhani mambo yamekwisha. Kumbe siku zilizofuata akina mama walirudi wakapata hifadhi katika Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, hatua chache kutoka bustanini, wakakaa humo karibu mwaka mzima. Kufikia mapema mwaka 1993 karibu wafungwa wote waliotajwa katika ombi lao walikuwa wameachiliwa. Pale walipoketi hata leo panaitwa Freedom Corner.

Bwana Mwenyekiti, baada ya mifano hiyo mtu aweza kudhani kwamba amani hushinda siku zote. Haishindi siku zote, na mwenye kuwaambia vijana vinginevyo anawadanganya. Nimekwisha itaja Beijing ya 1989. Wataalamu wawili wa Marekani, Erica Chenoweth na Maria Stephan, walizichunguza harakati 323 za kati ya 1900 na 2006. Waliona kwamba harakati za amani zilifaulu kwa kadiri ya asilimia 53, na zile za silaha kwa asilimia 26. Maana yake njia ya amani ilifaulu mara mbili ya njia ya bunduki; na maana yake pia ni kwamba karibu nusu yake haikufaulu. Sababu waliyoitoa ni nyepesi kufahamu. Bunduki hutaka vijana wenye nguvu na wasio na watoto. Maandamano ya amani huweza kuingiwa na bibi mzee, mwalimu, kiwete, mama mwenye mtoto mgongoni, na hata ndugu wa askari. Na askari akimwona shangazi yake katika kundi, mkono wake huwa mzito.

Sasa nijibu sehemu ya pili ya swali: hufanyaje? Nitasema mambo matano.

La kwanza ni dai. Liwe moja, liwe fupi, na liweze kujibiwa kwa ndiyo au la. Akina mama walisema: wafungueni wana wetu. Mnakumbuka Juni 2024, vijana wa nchi hii walipotaka Muswada wa Fedha uondolewe. Tarehe 25 Juni watu waliuawa kwa risasi, na sehemu ya Bunge ikaingiwa na kutiwa moto. Kesho yake Rais alitangaza kwamba hatautia muswada huo sahihi. Dai lilikuwa wazi, likajibiwa. Lakini waliokufa hawakurudi, na mzazi aliyezika hana muswada wa kumfariji. Ndiyo sababu mambo manne yanayofuata ni ya lazima.

La pili ni taarifa na njia. Sheria yetu hutaka polisi waarifiwe si chini ya siku tatu kabla wala si zaidi ya siku 14. Andikeni taarifa hiyo kwa nakala mbili, mpeleke wenyewe, na ya kwenu ipigwe mhuri wa kupokelewa. Mtu wa ofisini anawaambieni: nakala yenye mhuri na tarehe ni shahidi asiyesahau. Itembeeni njia yenyewe siku moja kabla. Jueni penye uchochoro, penye ujenzi na mawe, penye mlango wa kutokea. Wekeni saa ya kuanza na saa ya kwisha, na saa ya kwisha ikifika, mwende nyumbani mchana mkiwa pamoja. Maandamano yasiyo na mwisho humalizwa na wengine.

La tatu ni wasimamizi. Kwa kila kundi dogo awepo mtu mmoja anayewajua wenzake kwa majina, aliyevaa kitambaa cha kumtambulisha. Kazi yake ni kuwatuliza walio wake na kumtambua mgeni. Samaki mmoja akioza huoza wote. Mrusha jiwe mmoja hutosha kuwapa wenye virungu sababu waliyokuwa wakiitafuta, na mara nyingine mrusha jiwe huyo ametumwa kwa kazi hiyo hasa. Akitokea, watu wote waketi chini. Atabaki amesimama peke yake, na kila kamera itamwona.

La nne ni maandalizi ya ubaya. Wawepo mawakili waliopewa majina ya watakaokwenda, wenye kujua huduma ya kwanza, na mtu aliyebaki nyumbani mwenye orodha. Jioni ihesabiwe: nani karudi, nani hajarudi, nani yuko kituo gani cha polisi. Anayekamatwa asiwe peke yake usiku ule. Kumbukeni yale majina madirishani mwa kanisa la Leipzig.

La tano ni kazi kwa wasioweza kwenda. Mgonjwa hawezi, mlezi wa watoto hawezi, na mtumishi wa serikali ana sheria zinazomzuia kuingia katika siasa za vyama. Lakini yupo wa kupika, wa kuandika, wa kuchanga, wa kuwapokea watu mlangoni pake. Kule Manila wale 30 hawakubeba bango lolote. Walikataa kuwa mikono ya uongo, basi.

Hapa niseme neno kwa wenzangu tuliovaa tai. Wengi wetu katika chumba hiki tunakula mkate wa serikali. Hatutaitwa kulala mbele ya vifaru. Tutakaloitiwa ni dogo, na litakuja siku ya kazi ya kawaida: kutia sahihi tarehe isiyo ya kweli, kupoteza faili, kuandika katika ripoti kwamba marehemu alianguka mwenyewe. Ibara ya 236 ya Katiba inasema kwamba mtumishi wa umma asionewe wala asibaguliwe kwa sababu ya kufanya kazi yake kulingana na Katiba na sheria. Sisemi kwamba ibara hiyo ni kinga ya chuma. Mtu aweza kuhamishwa akapelekwa mbali, aweza kunyimwa cheo, na watoto wake wakaona mabadiliko mezani. Nasema tu kwamba tukio kama hilo likija, jambo la busara ni kuitaka amri hiyo kwa maandishi. Amri nyingi mbaya hufa zikiombwa karatasi. Na ikiwa haikufa, tafuta wenzako wawili watatu ofisini kabla hujakataa, maana kidole kimoja hakivunji chawa.

Na sasa kwenu ninyi wanafunzi. Najua mtakaporudi mabwenini mtasema: mzee ametuambia tuandamane. Basi sikilizeni nisemayo. Mnamo Machi 2001, bweni moja la Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos, lilitiwa moto usiku, na wavulana 67 wakafa ndani. Walikuwa rika lenu. Tangu hapo mabweni mengine yameungua katika nchi hii, na kila mara husikika watu wakisema kwamba wanafunzi walikuwa na malalamiko. Pengine walikuwa nayo. Lakini moto haukusoma malalamiko ya mtu, uliwachoma waliolala. Kutia moto bweni ni kinyume cha kila nililolisema leo. Huficha uso, na maandamano ya amani huonyesha uso. Huwatisha wenzako, na maandamano huwaita. Huharibu dai lenyewe, kwa sababu kesho yake hakuna atakayeuliza maharage yalikuwa mabovu kiasi gani.

Mkiwa na neno juu ya chakula, juu ya adhabu, au juu ya mwalimu asiyeingia darasani, hapa hapa ndipo pa kujifunzia. Andikeni ombi la ukurasa mmoja. Litajeni jambo moja, tarehe zake, na mnachotaka kifanyike. Watie sahihi wengi, wa madarasa yote, ili asiadhibiwe mmoja. Chagueni wajumbe watatu wasio na hasira za haraka. Mpelekeeni Mwalimu Mkuu mchana, mwombe siku ya kujibiwa. Asipojibu siku hiyo, rudini, na safari ya pili mwende na barua kwa Halmashauri ya shule. Itawachosha. Mtaona wenzenu wakiwacheka kwamba kiberiti kingekwisha kazi kwa dakika moja. Wavumilieni. Kijana aliyejifunza kudai uji bora bila kutukana na bila kuogopa, siku moja ataweza kudai jambo kubwa kuliko uji.

Na kuhusu maandamano ya mjini, uamuzi ni wako utakapokuwa mtu mzima, na kabla ya hapo ni wako pamoja na wazazi wako. Usiende kwa sababu wenzako wanakwenda, wala usikae kwa sababu wenzako wanakaa. Jiulize: dai ni lipi, nani ameyapanga, njia ni ipi, na nani anajua kwamba nipo? Usipopata majibu manne, uliza tena.

Hilo ndilo jibu langu kwa Chama cha Mdahalo. Ndiyo, watu wasio na silaha waweza. Hawashindi kila mara. Na wanaposhinda, kwa kawaida kuna watu waliofanya kazi ndogo ndogo kwa miaka mingi kabla ya siku inayokumbukwa. Naona katibu wenu ameandika karatasi mbili nzima nilipokuwa nikisema, na uso wake hauonyeshi kwamba amekubali. Vizuri. Bwana Mwenyekiti, kwa idhini yako, chai ingoje kidogo ili aulize.